Je, wajua? Chujio la mchanga huchuja vizuri zaidi likishachafuka kidogo

Weka kiganjani punje moja ya mchanga wa chujio la bwawa la kuogelea. Upana wake ni kama nusu milimita, karibu sawa na punje ya sukari. Punje hizo zikijazana ndani ya tangi, uwazi unaobaki kati yake unakaribia unene wa unywele. Hata hivyo, chujio hilohilo hunasa uchafu mdogo kuliko uwazi wenyewe, hadi mikroni 20 au 40, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Inakuwaje tundu kubwa linase kitu kidogo?

Siri ni kwamba mchanga haufanyi kazi kama chekeche. Chekeche la unga lina wavu mmoja, na kilichopita kimepita. Ndani ya tangi maji hushuka kwenye mchanga mwingi, yakikata kona baada ya kona, na chembe ya vumbi ikigusa punje hung'ang'ania hapo. Ikishanasa, nayo inapunguza uwazi, na chembe inayokuja nyuma yake inanaswa na ile iliyotangulia. Uchafu unageuka kuwa sehemu ya chujio. Ndiyo maana mchanga uliotoka kuoshwa sasa hivi hupitisha vumbi jembamba, na siku chache baadaye maji yanang'aa.

Wazee wetu waliokuwa wakitumbukiza shabu kwenye mtungi wa maji ya mto waliijua nusu ya jambo hili: vumbi likishikamana likawa madonge, linakamatika. Shabu kidogo humsaidia pia mwenye chujio la mchanga. Usiitumie kwenye chujio la katriji, yaani lile linalochuja kwa kitambaa badala ya mchanga, itakiziba.

Kwa hiyo anayeosha chujio lake kila siku kwa kupenda usafi anajirudisha nyuma kila siku. Tazama geji ya presha. Siku mchanga ukiwa safi, andika namba yake ukutani kwa penseli. Kama ni psi 12, ngoja ifike 20 hadi 22 ndipo uoshe. Zima pampu kwanza, kisha geuza mkono wa vali uwe kwenye kuosha. Ukiugeuza pampu ikiwa inazunguka utaharibu mpira wa ndani. Washa, uangalie kile kioo kidogo cha pembeni. Maji huanza kutoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yanafifia taratibu, na baada ya dakika mbili au tatu unaona mpaka upande wa pili. Zima, weka vali kwenye suuza kwa nusu dakika ili mchanga utulie na mabaki yaende nje, ndipo urudi kwenye kuchuja.

Sasa, ukielewa kwamba chembe inahitaji muda wa kugusa punje, utajua pia kosa kubwa la wanunuzi liko wapi: pampu kubwa, chujio dogo. Maji yakisukumwa kwa nguvu hupita mbio na kuusukuma uchafu mpaka ng'ambo. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5. Hizo ni lita 48,000. Ukitaka zizunguke kwa saa 8, pampu ya lita 6,000 kwa saa inatosha. Tangi lenye kipenyo cha sentimita 50 litayashusha maji hayo kwa mwendo wa mita 30 kwa saa. Tangi la sentimita 40 litayakimbiza kwa karibu mita 48. Mimi ningeongeza pesa kwenye tangi na kupunguza kwenye nguvu ya pampu, bila kusita. Na kama mfuko unaruhusu, nunua pampu ya kubadili mwendo: ukipunguza mzunguko kwa nusu, maji hupungua kwa nusu, lakini umeme unaoliwa hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Anayelipia Luku ataliona hilo mapema.

Mchanga si chaguo pekee. Kila unapouosha unamwaga lita 300 hadi 500, yaani ndoo 15 hadi 25 za lita 20. Mahali ambapo maji huletwa na boza, hiyo ni hasara ya kweli, na hapo katriji inafaa zaidi: hunasa mpaka mikroni 10 hadi 20, na unaitoa tu ukaisafisha kwa mpira wa bustani.

Kuna pia unga wa diatomiti, unaonasa hata mikroni 3 hadi 5. Ni mabaki ya mimea midogo mno ya majini yenye magamba ya silika, na Kenya inao: mwamba huo mweupe umechimbwa miaka mingi Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita, palipokuwa ziwa zamani za kale. Unachuja kuliko vyote, ila vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo vaa barakoa unapoumimina.

Lolote utakalochagua, klorini iko palepale. Chujio la nyumbani haliondoi bakteria wote. Klorini ndiyo inayowaua, na inafanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa hayana uchafu wa kuishughulisha.

Neno moja kwa sisi wa pwani, kwa sababu kishawishi kipo mlangoni. Usijaze tangi mchanga wa ufukweni. Una chumvi, punje zake hazilingani, na sehemu kubwa ya mchanga wetu mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, ambayo huyeyuka polepole ndani ya maji ya bwawa na kuyafanya magumu. Ukiuziwa gunia na huna hakika, mimina siki kidogo juu ya mchanga wa kijiko kimoja. Mchanga wa silika, ule unaofaa kwa chujio, utatulia kimya. Wa makombe utatoa mapovu.