Paka Wako Hakukomoi: Dhana Potofu Kuhusu Paka Anayekojoa Nje ya Sanduku Lake la Choo

"Daktari, huyu ananikomoa."

Mteja aliyeniambia hivyo juzi alikuja na paka kikapuni mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mfuko wenye shuka iliyolowa, ameileta kama ushahidi. Alikuwa amesafiri siku 4. Usiku wa kwanza aliporudi, paka akapanda kitandani na kukojoa upande ule ule anaolalia yeye. "Mbona si upande wa mume wangu? Mbona si sakafuni?" Kwake kesi ilikuwa imeshaamuliwa. Nikampapasa paka tumbo. Kibofu kilikuwa kidogo na kigumu, na nilipokigusa alilia. Mkojo tuliompima ulikuwa na damu.

Neno hilo la kukomoa nalisikia karibu kila wiki na limenichosha, kwa sababu naona linavyowachelewesha paka kufika kwa daktari. Mtu akishaamini kwamba paka ana kinyongo, hatafuti ugonjwa. Anatafuta fimbo.

Hebu fikiria kisasi kinadai nini. Paka akumbuke kosa ulilomtendea, avumilie hadi wakati ufaao, achague kitu unachokithamini, ajue kwamba mkojo wake utakukera, halafu ajisikie vizuri akikuona umekereka. Hatua hiyo ya kujua kuwa utakereka inaanguka papo hapo, maana paka hauoni mkojo wake kama uchafu wa kumtukania mtu. Kwake mkojo ni harufu yake mwenyewe. Anapoutumia kutoa taarifa, taarifa hiyo inawalenga paka wenzake, na habari ya shuka kuwa za gharama au za zamani haimo akilini mwake.

Basi kwa nini kitanda? Swali hilo ni zuri, nami nalipenda kuliko lawama. Kibofu kikiwa na uvimbe, paka huingia katika sanduku lake la mchanga, huchuchumaa, na mkojo unapotoka humchoma. Hajui kama ana kibofu. Anachojua ni kwamba mahali pale panauma. Mara ya pili ni vile vile, mara ya tatu anapakwepa. Anakwenda kutafuta pengine, na anapopenda ni palipo laini, panaponyonya haraka, pasiporusha matone miguuni: godoro, zulia, kapu la nguo chafu. Kitanda kinatimiza yote hayo, tena kina harufu yako, harufu inayomtuliza akiwa na hofu. Huyo mama alitafsiri kuwa amechaguliwa ili aumizwe, kumbe alichaguliwa kwa sababu ndiye mtu ambaye paka hujisikia salama akiwa naye.

Na safari je? Safari ina mchango wake, ila si ule unaodhaniwa. Paka ni mnyama wa ratiba. Mwenye nyumba akiondoka, saa za kula zinahama, mlango unafunguliwa na mtu asiyemjua, sanduku linakaa siku mbili bila kuzolewa. Kuna ugonjwa wa uvimbe wa kibofu ambao hauna vijidudu wala mawe, na msukosuko wa namna hiyo ndio unaouamsha. Kwa paka walio chini ya miaka 10 wanaoletwa kwetu na shida za kukojoa, zaidi ya nusu huwa na ugonjwa huo. Unakuja kwa vipindi, na mara nyingi kipindi kimoja hupoa chenyewe ndani ya wiki moja hivi.

Hapo ndipo dhana inapoota mizizi. Paka anakojoa kitandani siku ya kwanza, anapigwa. Siku ya tatu, anapigwa tena. Siku ya saba anarudi sandukuni, na mwenyewe anawasimulia jirani kwamba fimbo imemnyoosha. Fimbo haikufanya chochote. Uvimbe ulikuwa umepoa. Baada ya miezi miwili unarudi, safari hii kwa paka anayemwogopa mtu wa nyumbani mwake, na hofu ndiyo kuni za ugonjwa wenyewe.

"Lakini anajua amekosea, akiniona tu anakimbia." Anakimbia kwa sababu anakusoma. Anaijua sauti ya hatua zako ukiwa na hasira, anaona mabega yako. Paka huunganisha adhabu na kile kinachotokea wakati ule ule, hawezi kuiunganisha na mkojo wa saa mbili zilizopita. Ukimburuta na kumsugua pua kwenye mkojo, anajifunza mambo mawili: mikono yako inaumiza, na haja ndogo ni salama usipomwona. Ndipo utakapoanza kukuta madoa nyuma ya kabati.

Kuna paka mmoja simsahau. Dume, mnene kidogo, miaka 4. Alianza kuchuchumaa bafuni, anaacha matone mawili matatu, anahama, anachuchumaa tena. Wenyewe waliona ni ujeuri, wakamfungia humo bafuni usiku kucha ili ashike adabu. Alilia sana, kisha akanyamaza, nao wakaona amesikia. Asubuhi walimkuta amelala ubavu, mwili baridi. Mrija wa mkojo ulikuwa umeziba. Tulimwekea mpira wa kutolea mkojo, tukamtundikia maji, moyo wake ukasimama kabla ya saa sita mchana.

Mrija wa dume ni mwembamba mno ukilinganisha na wa jike. Ute kidogo uliochanganyika na chembe za fuwele, au kijiwe, vinatosha kuufunga. Mkojo ukikosa njia, taka zinarudi katika damu, potasiamu inapanda na kuvuruga mapigo ya moyo, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, wengine mapema zaidi. Kwa hiyo dume anayeingia na kutoka sandukuni, anachuchumaa muda mrefu bila kutoa kitu, analia, anajilamba sana sehemu za siri, anatapika au anajificha, huyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usiseme amefunga choo ukamnywesha mafuta. Mkao wa kukamua mkojo unafanana sana na wa kukamua haja kubwa, na kosa hilo limeua wengi. Wala usimpe parasetamoli kumpunguzia maumivu. Ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumwua.

Ndiyo maana sikubali kuzungumzia tabia kabla ya vipimo. Kwanza mkojo. Kisha, kulingana na umri na dalili, damu, eksirei au altrasaundi. Paka mwenye kisukari, mwenye figo zilizochoka au mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi anatoa mkojo mwingi kuliko sanduku linavyohimili. Hata paka wako asipougua lolote, utakuwa umepata haki ya kuanza kukagua nyumba.

"Sanduku analo, linamtosha"

Ukikagua nyumba, anzia hapa. Hesabu tunayotumia ni sanduku moja kwa kila paka, na moja la ziada. Paka wawili, masanduku matatu. Na yakipangwa yote matatu ukutani pamoja, paka anayahesabu kuwa moja, kwa hiyo yatawanye. Watu hunijibu kwamba paka wao wanapendana, wanalala pamoja, hawawezi kugombea choo. Nawaomba wakae kimya nusu saa waangalie korido. Ugomvi wa paka mara nyingi hauna kelele. Mmoja anajilaza katikati ya njia, anamkazia macho mwenzake, na mwenzake anageuka kana kwamba amekumbuka jambo jingine. Huyo aliyegeuka ndiye utakayemlaumu kesho kwa zulia.

Ukubwa ni kosa la pili. Sanduku linapaswa kuwa na urefu wa mara moja na nusu ya urefu wa paka, kuanzia puani hadi shina la mkia. Mengi yanayouzwa kwa jina la sanduku la paka ni madogo. Mimi huwaambia wateja wanunue boksi pana la plastiki la kuhifadhia nguo, wakate upande mmoja uwe mlango. Yale yenye paa yanampendeza mwenye nyumba kwa sababu harufu haitoki nje. Ni kweli haitoki. Inabaki ndani, pamoja na pua inayonusa kuliko yako mara nyingi. Mchanga wenye manukato nao nauchukia kwa sababu hiyo hiyo. Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu anayefukia haja yake kwenye udongo, na wengi hupenda mchanga laini, usionukia, unaogandamana ukilowa. Mimina kina cha sentimita 5 hivi, zoa angalau mara moja kwa siku, na ukiosha sanduku tumia sabuni isiyo kali.

Ushauri wangu ninaoupenda kuliko yote: usibishane na paka kuhusu mchanga. Weka masanduku mawili karibu karibu, kila moja na mchanga wa aina yake, kwa wiki mbili. Hesabu mabonge. Atakuwa amekujibu. Usiweke sanduku kando ya bakuli la chakula, wala kando ya mashine ya kufulia inayoweza kuanza kunguruma akiwa amechuchumaa.

"Ni dume anaweka mipaka, ndivyo walivyo"

Kwanza tofautisha. Anayeweka alama husimama wima, mkia juu unatetemeka, anarusha mkojo kidogo ukutani au kwenye pazia. Anayekojoa huchuchumaa na kuacha dimbwi chini. Ni mambo mawili yenye tiba tofauti, na nusu ya wanaonijia hawajui paka wao anafanya lipi. Majike pia huweka alama. Kuhasi huimaliza tabia hiyo kwa madume takriban 9 kati ya 10, na wale wachache wanaobaki kwa kawaida wana paka mgeni anayepita dirishani, basi ziba mwonekano wa dirisha hilo upande wa chini. Msingoje hadi tabia izoeleke ndipo mniletee nimhasi.

"Nimeua harufu kwa dawa ya klorini"

Umeongeza hatari. Klorini ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu yako na ya paka. Amonia inanuka kama mkojo wenyewe, utakuwa umemwekea bango la choo. Dawa nyeusi za kuua vijidudu zenye fenoli ni sumu kwake, atazilamba miguuni. Kinachofanya kazi ni bidhaa yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyouvunja mkojo, iachwe ilowane vya kutosha na ikauke yenyewe. Kama hujui madoa yalipo, zima taa umulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Utashtuka.

"Nipe tu antibayotiki"

Kwa paka kijana mara chache sana kuna bakteria kwenye kibofu. Wanapatikana zaidi kwa wazee, hasa walio juu ya miaka 10, na hata hapo nataka mkojo uoteshwe maabara kwanza. Nikikupa dawa leo paka akapona Ijumaa, utaamini dawa kama wenzako walivyoamini fimbo. Kinachomsaidia zaidi ni maji: chakula chenye majimaji badala ya kikavu pekee, mabakuli ya maji sehemu kadhaa, ratiba isiyoyumba, na mahali pa juu pa kujificha.

"Amezeeka, akili imeanza kupotea"

Huenda, lakini mguse nyonga kwanza. Paka wazee wengi wana viungo vinavyouma, na kwa kuwa hawachechemei kama mbwa, hakuna anayegundua. Anafika mlangoni pa sanduku, anautazama ukingo wenye kimo cha sentimita 20, anakojoa pale pale nje. Ukikuta dimbwi hatua moja kutoka sandukuni, huyo alikuwa anajaribu. Shusha mlango hadi sentimita 5 au 6, tandika mkeka usioteleza mbele yake, na kama nyumba ina ghorofa weka sanduku kwenye ghorofa anayolala, asilazimike kushuka ngazi usiku. Kisha mlete tuanze tiba ya maumivu. Njoo na video ya simu ukimwonyesha akitembea, akiruka, na akichuchumaa, maana mezani kwangu kila paka anajikaza akaonekana mzima.