Kipandauso si ugonjwa wa macho
Kibirizi, Kigoma, saa saba mchana: dagaa wameanikwa, ziwa linameta, na mama mmoja amejifunika khanga usoni, kichwa kinamgonga upande mmoja. Wenzake husema macho yake mabovu, anunue miwani. Wengine husema anadeka, na hilo linaumiza zaidi.

Sivyo. Ana kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi-rudi (migraine). Macho yake yanaweza kuwa mazima kabisa. Sehemu ya ubongo inayopokea picha, kule kisogoni, ndiyo inayosisimka kupita kiasi. Ubongo wa wengine huuzoea mwanga unaojirudia. Wake mara nyingi hauuzoei, hata siku asiyoumwa.

Na vile vimulimuli vya pembepembe ambavyo baadhi ya wenye kipandauso huviona kabla ya maumivu? Ni wimbi linalotambaa ubongoni, kama milimita 3 kwa dakika. Mwanasaikolojia Mmarekani Karl Lashley alilikadiria mwaka 1941 kwa kuchora vimulimuli vyake mwenyewe.