Kontua ni nini? Kusoma ziwa na mito iliyofichwa na msitu

Kontua ni mstari wa kwenye ramani unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ukiufuata kwa miguu, hupandi wala hushuki. Kwenye mbuga ya wazi macho yanatosha kukuonyesha ardhi ilivyo, lakini msituni hayatoshi. Ziwa Duluti pale Tengeru, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, limezibwa na miti kiasi kwamba unaweza kulikaribia sana bila kuona maji.

Ramani huliweka wazi: doa la buluu lililozungukwa na pete za kontua. Kilima nacho huchorwa kwa pete, kwa hiyo soma namba za vimo. Zikipungua kuelekea ndani, hilo ni shimo, na mara nyingi pete zake huwekewa vijistari vifupi vinavyoelekea ndani. Duluti ni kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano. Hutaona mto ukiingia wala kutoka, kwa sababu maji yake hutoka chini ya ardhi.

Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Tuseme ramani ni ya 1:50,000, yaani milimita 1 ni mita 50 ardhini, na kontua zimepishana kwa kimo cha mita 20. Ukivuka nafasi tano kati ya kontua ndani ya milimita 2 tu, umepanda mita 100 kwa umbali wa mita 100. Hapo ni kushika mizizi, si kutembea. Kingo za Ziwa Chala, mashariki ya Moshi kwenye mpaka na Kenya, zina ukali wa namna hiyo.

Kwenye mito ndiko kontua zinakonipendeza zaidi. Kila inapovuka mto, kontua hujikunja kama herufi V, na ncha yake huelekea mto unakotoka. Kwenye mgongo wa mlima ncha huelekea chini. Piga mstari kutoka Kibosho hadi Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya ramani, kisha hesabu V utakazokata: kila V ya mto ni bonde la kushuka na kupanda tena. Ndiyo maana jirani wa ng'ambo unaweza kumwita akaitika, lakini kumfikia ni safari.

Rangi ya kijani yenyewe inakuambia kuna miti, basi. Na korongo lenye kina cha mita 15 linaweza kulala katikati ya kontua mbili lisionekane kabisa; hilo waulize wenyeji.