Vichwa viwili vya semi kwa mama wa Mbarali

Mama mmoja anayenunua mpunga Mbarali alikuja gereji na picha tatu kwenye simu. Ya kwanza DAF XF105, ya pili Volvo FH12, ya tatu Mercedes Actros. Zote mtumba wa Uingereza, zote zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Amechoka kukodi magari ya watu. Anataka vichwa viwili na tela zake, mchele ushuke Dar, mbolea ipande Mbeya.

"Fundi, niambie kipi kizuri."

"Vyote vizuri, Mama. Mimi nataka kujua kitakapokukwamia, utakuwa wapi na nani atakufungulia."

Alidhani namtania. Gari lililokwishatembea kilomita laki nane huko lilikotoka litaharibika tu, hilo nalihesabu tangu siku ya kulinunua. Mimi siwindi gari lisiloharibika. Nawinda lile ambalo fundi wa Makambako amewahi kulifungua, na spea yake inapanda basi la usiku kutoka maduka ya Gerezani, Dar, ikafika asubuhi. Semi ikilala siku tisa Ruaha Mbuyuni ikisubiri sensa, kile kidude cha umeme kinachopeleka vipimo kwenye kompyuta ya gari, ile milioni uliyookoa kwenye bei imeshaliwa na posho ya dereva na utingo, na mteja amehamia kwa mwingine.

Jambo la kwanza nililomwomba ni vichwa vyote viwili viwe ndugu, injini moja, giaboksi moja. Yeye alitaka DAF moja na Volvo moja "nilinganishe". Kwa mwenye magari 40 sawa, kwa mwenye mawili hapana. Ndugu wawili hutumia filta zilezile, dereva mmoja akiugua mwenzake anashika usukani bila kujifunza upya, na gari likisumbua umeme nachomoa sensa ya lile zima najaribu kwenye hili bovu. Kipimo hicho hakina gharama na kimeniokoa mara nyingi kuliko mashine.

Halafu kuna suala la mafuta, na hapa nakaa kidogo maana wauzaji hawaligusi. Magari ya Ulaya hupangwa kwa madaraja ya moshi: Euro III ilianza karibu mwaka 2000, Euro V mwaka 2008, Euro VI mwaka 2014. Kadiri daraja linavyopanda, injini inadai dizeli safi zaidi. Afrika Mashariki kiwango cha salfa kwenye dizeli kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hayo ni maendeleo makubwa, ila Euro VI imeundwa kwa dizeli ya sehemu 10. Bado sijataja mafuta yaliyochakachuliwa. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua mchezo wa kuyachanganya na dizeli, na hali ilitulia sana. Lakini dumu la njiani ni dumu la njiani, na nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda kwa presha kubwa, hazisamehe. Dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha, ikipungua unene zinasagika.

Euro V nyingi zinataka pia maji ya urea ya kusafisha moshi. Yakikosekana, kompyuta inapunguza nguvu ya injini makusudi. Fikiria hilo likutokee katikati ya mlima Kitonga, gari na mzigo tani 50. Wengi wanalipa watu "wafute" mfumo huo kwenye kompyuta. Kazi ikifanywa vizuri gari linatembea, ikifanywa ovyo linakuja kwangu. Kwa hiyo kwa mfuko wa Mama na njia yake nilishuka hadi Euro III. Najua moshi wake ni mchafu zaidi, sijivunii. Na gari la Euro III leo lina miaka 20 au zaidi, hivyo ushuru wa uchakavu utalipa.

Kwenye kundi hilo chaguo langu ni Scania 124 yenye farasi 420. Injini ya lita 12, silinda 6, kila silinda na hedi yake, yaani kifuniko chake cha juu, peke yake. Gasketi ya silinda ya nne ikivuja unafungua hedi moja, tano nyingine hazihusiki. Laina zake, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinazungukwa na maji, unaweza kuzitoa na kuingiza mpya injini ikiwa palepale kwenye chesisi. Nozeli zinasukumwa na kemshafti, kila silinda na yake, na mafundi wa njia nzima wanazijua. Angalia tu usichanganye na R420 iliyofuata: baadhi yake zina mfumo wa mafuta uitwao HPI, na ukiingia hewa kidogo utatafuta tatizo wiki nzima.

Actros sina ugomvi nayo. Injini yake ya OM501, V6 ya lita 12, nayo ina hedi mojamoja na ni ngumu kweli. Kinachonichosha ni ule mfumo wa kubadili gia kwa umeme kwenye zile za mwanzo. FH12 inavuta vizuri, dereva halalamiki mgongo, lakini hedi ni moja ndefu kwa silinda zote, na vikombe vya shaba vinavyoshika nozeli vikichoka utaona dizeli inaelea kwenye maji ya rejeta. Mwenye fundi wake wa Volvo anaishi nayo bila shida. Mama hana.

Sasa kukagua. Nenda alfajiri, bila kumpigia muuzaji kwamba umekaribia. Weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, ameiwasha mapema, na hapo anza kujiuliza kwa nini. Injini nzima huwaka baridi bila kubembelezwa. Moshi mweupe wa sekunde chache haunitishi. Ukiendelea, na una harufu ya dizeli mbichi, kuna tatizo la nozeli au kompresheni. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi wakati wa kukanyaga mara nyingi ni hewa: filta imeziba au bomba la turbo limepasuka, jambo la bei nafuu. Mimi hufurahi nikiona mweusi, maana muuzaji mwenyewe huogopa na kushusha bei.

Dakika mbili baada ya kuwasha, bana kwa mkono bomba la juu la rejeta. Maji bado baridi, kwa hiyo bomba linatakiwa kuwa laini. Likiwa limeshakakamaa, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi imekwenda au hedi ina ufa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa silensa, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kigeuze ukilaze juu ya tundu. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa, ringi na laina zimechoka, injini inapumulia huko. Dipstiki ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili: funga boneti, shukuru, ondoka.

Baada ya hapo liendeshwe nusu saa lipate moto, ndipo usome presha ya oili. Muuzaji hupenda kukuonyesha gari likiwa baridi, oili nzito, mshale juu. Ikiwa moto, kwenye silensa, ikishuka chini ya bar 1 nawaza beringi za krenki. Akikubali, toa filta ya oili, ikate, kunjua karatasi yake juani. Chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma. Chembe zenye rangi ya shaba ni beringi zilizolika hadi tabaka la chini, na hapo hesabu ovahoo, injini kufumuliwa yote. Muuzaji akikataa filta isikatwe nami nakataa kulipa, hata awe binamu.

Kilomita za dashibodi mimi sizisomi kabisa. Nasoma pedali ya klachi, usukani ulivyong'aa, na kiti cha dereva kilivyolala.

Injini ikipita, wengi hushusha pumzi na kusahau difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha tairi. Vichwa vingi vya Uingereza vina difu moja, na ekseli ya katikati ni ndogo, inanyanyuka, ina tairi mojamoja. Kule sheria inaruhusu tani 44 kwa ekseli sita na inatosha. Kwa kanuni za Afrika Mashariki ekseli ya mbele ni tani 8, jozi ya nyuma yenye tairi pacha 18, za tela tatu 24, jumla 50. Ile ekseli ndogo haikupi 18. Utafika mizani ya Vigwaza au Makambako ukakuta mzigo ambao injini inauweza, kichwa hakiruhusiwi. Gari tupu na tela lake huwa na tani 16 hadi 18, kwa hiyo mwenye difu mbili anabeba zaidi ya tani 30 kihalali. Soma pia namba ya uwiano kwenye kibati cha difu: propela, ile shafti inayotoka giaboksi, inazunguka mara ngapi tairi lizunguke mara moja. Ikiwa chini ya 3, gari limepangwa kukimbia barabara tambarare za kwao. Kwa milima ya Kitonga na Iwambi napenda 3.4 au zaidi.

Mama aliniuliza mafuta. Semi iliyojaa kwenye njia yetu inakwenda kilomita 2 hadi 2.3 kwa lita. Inaonekana tofauti ya kuchekesha, lakini Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830: wa kwanza anatumia lita 415, wa pili 361. Zaidi ya lita 50, kwenda tu. Nusu ya tofauti hiyo iko kwenye mguu wa dereva, kwa hiyo nilimwambia atafute dereva kabla ya gari.

Kuna njia ya tatu, kununua kichwa chenye chesisi nzuri na injini iliyonoki, yaani iliyokufa, kisha kuweka injini ya mtumba. Inalipa ukiwa makini. Injini ije na turbo, pampu, nyaya na kompyuta yake, vinginevyo utavikusanya kimoja kimoja kwa bei ya injini nyingine. Zungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kutoa hela. Tazama vile vifuniko vya bati ubavuni mwa bloku: vikiwa vimevimba au kuchomoka, injini ililala nje wakati wa baridi kali ikiwa na maji ya kawaida, yakaganda, na bloku huenda imepasuka. Na namba mpya ya injini iingie kwenye kadi ya gari mapema, trafiki wa Chalinze hasikilizi hadithi.

Mama kanunua 124 moja, ya mwaka 2003, nyeupe iliyopauka, mlango wa kushoto umebonyea. Filta niliikata mwenyewe. Cha pili bado tunatafuta. Juzi usiku kanitumia picha ya kingine, chekundu, kina taa nne juu ya paa na pazia za zambarau. Nimemwambia aulize kwanza kina difu ngapi.