Intaneti Kupatikana Si Uthibitisho Kwamba Ukuta wa Moto Umepangwa Sawasawa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la TEHAMA siku hizi yanafanana. Zahanati, shule au SACCOS imenunua ukuta wa moto (firewall, kifaa kinachochuja mawasiliano kati ya intaneti na mtandao wa ndani), fundi akachomeka waya kwenye mlango wa WAN, yaani upande wa intaneti, intaneti ikaja, akaaga. Baada ya muda mtandao unasumbua, au mgeni amekutwa ndani ya kompyuta ya mhasibu. Tunaamini wahusika walikuwa na nia njema na wametumia fedha nyingi. Hata hivyo, taa ya kijani inaonyesha waya una mawasiliano, basi.

Kabla ya kugusa kifaa, mwombe mtoa huduma akupe kwa maandishi: aina ya muunganisho (DHCP, yaani anwani inayojigawa yenyewe; anwani ya kudumu; au PPPoE, yaani kuingia kwa jina na nywila), anwani ya IP, maski (inayoonyesha ukubwa wa fungu la anwani), lango (kifaa cha mtoa huduma mnachopitia kwenda nje), DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) na namba ya VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya waya mmoja) kama ipo. Usikisie. Anwani ya kudumu mara nyingi hutolewa kwa fungu la /30, lenye anwani 4 ambazo hutumika 2 tu: ya mtoa huduma na yako. Maski yake ni 255.255.255.252. Fundi akiandika 255.255.255.0 kwa mazoea, tovuti zitafunguka, lakini kifaa kitawahesabu wateja wengine wa mtoa huduma huyo kuwa wapo kwenye waya uleule. Ikitokea tawi lenu limepewa anwani ya karibu, halitafikika, na mtalaumu kila kitu isipokuwa maski. Kwa PPPoE, weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data) 1492 badala ya 1500, maana baiti 8 huliwa na itifaki yenyewe. Na kama modemu inagawa anwani za 192.168.1.x, mtandao wa ndani upewe fungu jingine ili anwani zisigongane.

Sasa lile tunalolirudia kila wiki. Mafundi huacha ukurasa wa usimamizi wazi upande wa WAN ili warekebishe wakiwa nyumbani, na wenye ofisi hutuambia, "Nani atajua anwani yetu?" Hakuna anayehitaji kuijua! Anwani za IPv4 duniani kote ni takriban bilioni 4.3, na programu za upekuzi zinaweza kuzipitia zote kwa namba moja ya mlango wa huduma (port) ndani ya saa moja. Nywila ngumu pekee haitoshi. Januari 2025 Fortinet, kampuni inayotengeneza kuta za moto, ilitangaza udhaifu CVE-2024-55591, uliomwezesha mvamizi kupata mamlaka ya msimamizi mkuu bila nywila yoyote kwenye baadhi ya matoleo ya programu zake. Zima HTTPS na SSH, njia za kuingia kusimamia kifaa, upande wa WAN. Fundi aingie kwa VPN (njia ya siri iliyosimbwa) yenye uthibitisho wa hatua mbili.

Wenye laini mbili za intaneti, kipimo cha uhai, kinachoamua lini kifaa kihamie laini ya pili, kisiishie kwenye lango la mtoa huduma. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, lango la jirani lingeweza kujibu vizuri huku safari ya nje imekufa. Pima anwani iliyo mbali.

Kuhusu sheria, tafadhali someni kwa makini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na usalama wake ukivunjwa aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Faini ya Tume inaweza kufika shilingi milioni 100. "Fundi ndiye aliyepanga" si utetezi. Taarifa za wagonjwa ni dhamana yako. Naye fundi mliyeachana akiingia bila ruhusa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyopata, ikiwa kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Badilisha nywila siku anayoondoka.

Ukihisi kuvamiwa, chomoa waya wa WAN, acha kifaa kikiwaka, nakili kumbukumbu zake za matukio (logi) kwenye kompyuta isiyokuwa kwenye mtandao huo, andika saa uliyogundua, kisha toa taarifa polisi na TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, iliyo chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Usikirudishe kifaa kwenye mpangilio wa kiwandani kabla ya hapo. Tumeletewa vifaa vingi vilivyosafishwa namna hiyo, na ndani yake hakukuwa na ushahidi wa kufuatilia.