Je, wajua kwa nini klabu za wapanda milima zilijenga vibanda juu kabisa, karibu na barafu?

Wengi hujibu haraka: dhoruba. Kibanda kipo ili aliyepotea kwenye theluji apate pa kujibanza. Dhana hii ina chimbuko lake. Nyumba ya watawa kwenye njia ya Great St Bernard, kati ya Uswisi na Italia, imehifadhi wasafiri tangu karne ya 11, na mbwa wake wakubwa wameieneza sifa hiyo duniani kote. Lakini watawa walijenga penye njia, pale ambapo wafanyabiashara na mahujaji hawakuwa na budi kupita. Vibanda vya wapanda milima viko mahali pasipo na mpita njia. Kama hofu ingekuwa dhoruba tu, si mtu angebaki bondeni?

Klabu ya Milima ya Uswisi ilianzishwa mwaka 1863, na mwaka huohuo ikajenga kibanda chake cha kwanza, Grünhorn, kwenye mlima Tödi wenye zaidi ya mita 3,600. Ilichokuwa ikikitafuta ni muda.

Mchana theluji huyeyuka, maji yakapenya kwenye nyufa za miamba. Usiku huganda na kuyashika mawe yaliyolegea kama saruji inavyoshika matofali, ila saruji hii hulainika kila jua linapoupiga ukuta. Vinaanza kudondoka vijiwe, kisha mawe ya ukubwa wa ngumi yanayopita yakivuma. Theluji nayo alfajiri hubeba mguu. Ikifika saa sita unazama hadi mapajani. Kwa hiyo ni lazima uwe umefika kileleni na unateremka kabla jua halijakolea. Ukianzia kijijini, hesabu hiyo haitoki; ukilala kibandani, inatoka.

Saruji hiyo haiaminiki sana. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hivyo barafu inayoshika jiwe leo ndiyo inayolipasua pole pole. Na maporomoko makubwa hayafuati saa: Julai 2003, katika kiangazi cha joto kali, sehemu ya mwamba wa mlima Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, iliporomoka na makumi ya wapandaji wakaondolewa kwa helikopta.

Leo klabu hiyo ina vibanda takriban 150, vingi vikisimamiwa na matawi yake kwa kazi ya kujitolea. Kifungua kinywa hutolewa kwa zamu: wa kilele cha mbali huamshwa hata saa nane usiku, wa matembezi mepesi wakiendelea kukoroma.