Umechiti keto kwenye sherehe ya mwali: kinachotokea mwilini

Jumatatu asubuhi, kwenye chumba chetu cha lishe hapa Mtwara mjini, mzani huwa na maadui wengi kuliko siku nyingine yoyote. Desemba iliyopita aliingia mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, akapanda, akashuka, akausogeza kwa mguu hadi penye sakafu iliyonyooka, akapanda tena. Ijumaa alikuwa na kilo 84. Sasa mzani ulisoma 86.4.

"Mwanangu, huu mzani wenu mzima kweli?"

"Mzima, mama. Jumamosi ulikuwa wapi?"

Akacheka kabla ya kujibu. Alikuwa Newala, kwenye kutoa wali, yaani sherehe ya mwali kutoka unyagoni. Neno hilo kwetu huku lina mtego wake: wali walitoka, na wali ukaliwa. Ilikuwa pilau ya nyama, soda mbili, na jioni wakati wa kusubiri gari, muhogo wa kuchemsha. Wiki sita alikuwa hajagusa ugali wala chapati, halafu siku moja ikapita nazo zote. Swali lake lilikuwa lile ninaloulizwa karibu kila wiki tangu keto, ule mlo wa wanga kidogo na mafuta mengi, iingie kwenye simu za watu: je, nimeharibu kila kitu?

Hapana. Ila kilichotokea mwilini kinafaa kueleweka, kwa sababu wengi wanaogopa kisichotisha na kupuuza kinachotisha.

Tuanze na hizo kilo mbili na ushee. Anayefuata keto kwa kawaida hula wanga usiozidi gramu 50 kwa siku, wengine hushuka hadi 20, na sehemu kubwa ya nguvu yake hutoka kwenye mafuta. Sahani ya kawaida ya wali, peke yake, ina wanga wa gramu 80 hivi. Mwili wenye akiba ya wanga huiweka sehemu mbili: kwenye ini, takriban gramu 100, na kwenye misuli, takriban gramu 400. Akiba hiyo huitwa glaikojeni, na haikai kavu. Kila gramu yake hushikana na maji yapatayo gramu 3. Ukianza keto, ghala hilo linamwagika, maji yanatoka kwa mkojo, na ndiyo maana wiki ya kwanza watu hupungua kilo mbili au tatu na kupiga picha. Ukila pilau, ghala linajazwa na maji yanarudi. Isitoshe, wanga hupandisha insulini, homoni inayoongoza matumizi ya sukari mwilini, na insulini huziambia figo zishike chumvi. Chumvi ikibaki, maji yanabaki. Wengine huamka na viatu vinabana.

Kwa hiyo yule mama alikuwa amebeba maji. Angekuwa ameongeza mafuta ya kilo mbili na nusu, angehitaji kula nguvu ya ziada ya kalori karibu 19,000 juu ya mahitaji yake, sawa na sahani ishirini na zaidi za pilau kwa siku moja. Namjua mtu mmoja tu anayeweza kujaribu hivyo, na ni mjomba wangu.

Jambo la pili linahusu ketoni. Wanga ukiwa haba, ini huchukua mafuta na kuyageuza kuwa ketoni, ambazo ubongo na misuli huzitumia kama kuni mbadala. Anayefuata keto vizuri huwa na ketoni za milimoli 0.5 hadi 3 kwa lita ya damu. Insulini ndiyo mlinzi wa lango hili. Ikipanda, mafuta yanaacha kumiminika kutoka kwenye akiba, na ini linaacha kutengeneza ketoni. Ndani ya saa chache baada ya pilau ile, umeshatoka kwenye keto. Kurudi huchukua siku mbili hadi nne kwa wengi, kutegemea umekula kiasi gani na unautumia vipi mwili wako. Anayelima au anayetembea sana humaliza ghala lake mapema kuliko anayekaa dukani.

Hapa sasa ndipo ninapogombana na watu, maana hesabu ya kalenda hawaipendi. Chukua mtu anayejiwekea "siku ya kuchiti" kila wikiendi. Ijumaa jioni chipsi, Jumamosi harusi, Jumapili wali wa nazi kwa mama mkwe. Jumatatu, Jumanne na Jumatano mwili unahangaika kurudi: kichwa kizito, mwili umechoka, hasira za bure. Alhamisi amefika. Ijumaa jioni, chipsi. Mtu huyo anasema yuko kwenye keto mwaka wa pili sasa, lakini kwenye keto yenyewe amekaa siku moja na nusu kwa wiki. Siku zilizobaki anakula mafuta mengi ya keto pamoja na wanga mwingi wa sherehe, na hakuna mtaalamu wa lishe atakayekuandikia mchanganyiko huo. Nyama nono, siagi, mayai ya kukaanga, kisha wali na soda juu yake: insulini iko juu, mafuta hayana sababu ya kuchomwa, yanawekwa. Kwa baadhi ya watu hata kolesteroli mbaya hupanda wakiwa kwenye keto, kwa hiyo wanabaki na hasara ya mlo huo bila faida yake.

Kuvunja mara moja kwa miezi miwili ni tukio. Kuvunja kila wiki ni mlo mwingine kabisa, ambao haujapewa jina.

Kuna jambo la tatu, ambalo mzani hauonyeshi. Mwili uliozoea mafuta hupunguza ustadi wake wa kupokea sukari kwa ghafla. Misuli inakuwa mizito kuichukua, na kongosho linachelewa kutoa insulini ya mwanzo. Sukari ya damu hupanda zaidi ya vile ingepanda kwa mtu anayekula wanga kila siku. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada waliwalisha vijana tisa wa kiume wenye afya chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo kwa siku saba, wakiwanywesha glukosi, yaani sukari, ya gramu 75 na kuwapima damu, kabla ya siku hizo na baada yake. Safari ya pili waliona sukari imepanda zaidi, na kwenye damu kukawa na dalili za kuumia kwa kuta za mishipa. Vijana tisa ni wachache mno, sitamtisha mtu kwa utafiti huo. Lakini unaeleza kwa nini soda mbili kwa mpigo, baada ya wiki sita za samaki na mboga, zinaweza kumfanya mtu atoke jasho, asinzie kama amepigwa na dawa, na baada ya saa mbili awe na njaa kali.

Kutokana na hilo, ushauri mmoja ambao unaokoa usumbufu mwingi: ukiwa kwenye keto na ukaandikiwa kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi, mwambie anayekupima. Kipimo hicho hutaka uwe umekula wanga wa kawaida, gramu 150 au zaidi kwa siku, kwa siku tatu kabla yake. Usipofanya hivyo unaweza kuonekana una shida ya sukari ambayo huna.

Mimi mwenyewe niliwahi kufuata keto, wiki tano, nipate kujua ninachowaambia watu. Nilivunjia Mnazi Mmoja, pale basi linapopumzika, barabara za Lindi, Masasi na Mtwara zinapokutana. Kijana alipita dirishani na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya moto, imepakwa chumvi na pilipili. Aliyekulia Kusini anajua kwamba hapo hakuna mjadala. Nilikula mfuko mzima, nikanunua wa pili "wa nyumbani", nao haukuvuka Mingoyo. Tumbo lilijaa gesi hadi nilipofika Mtwara. Hilo nalo ni la kawaida: bakteria wa utumbo hubadilika kufuatana na unachowalisha, na mizizi ya ghafla huwashtua.

Lakini wengi huku hawavunji keto kwa ming'oko wala pilau. Wanaivunja kwa korosho, tena bila kujua. Mapishi ya mitandaoni huandika "njugu na karanga ruksa", na sisi tunaoishi kwenye korosho tunadhani nazo zimo. Gramu 100 za korosho zina wanga wa gramu 30 hivi, nyuzinyuzi zikiwa 3 tu. Karanga zina wanga karibu nusu ya huo, na nusu yake hivi ni nyuzinyuzi. Kikombe cha chai kilichojaa korosho hupita gramu 100, na msimu wa mnada kikombe hicho huisha ukiwa unaongea tu. Dafu pia lina sukari yake, gramu 12 hadi 15 kwa dafu la wastani. Tui la nazi, samaki, ngisi na mayai havina shida hiyo. Pweza ana wanga kidogo sana. Mabibo ni matamu na yana vitamini C nyingi, ila utamu huo ni sukari, na yakishakuwa uraka, ini huweka kando uchomaji wa mafuta lishughulike na pombe kwanza. Aliye kwenye keto hulewa haraka kuliko alivyozoea.

Sasa yale ya kutisha kweli.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya glibenklamaidi au gliklazaidi, ana dozi iliyopimwa kwa sahani fulani. Akianza keto bila kumwambia daktari, dozi ileile inaweza kumwangusha kwa sukari kushuka: kutetemeka, jasho baridi, maneno kupotea. Daktari akishapunguza dozi, halafu mgonjwa akavunja keto, sukari inapaa. Jibu la nyumbani huwa kujiongezea kidonge. Kesho yake amerudi kwenye keto, kidonge bado kinafanya kazi, anaanguka. Mwenye kisukari anayetaka kula hivi lazima awe na kipimo cha kidole nyumbani na namba ya mtu wa kumpigia.

Kundi la pili ni wanaotumia empagliflozini au dapagliflozini, dawa zinazotoa sukari kwa mkojo. Hao keto siwashauri kabisa. Ketoni zinaweza kupanda hadi damu ikawa na tindikali wakati kipimo cha sukari kinaonyesha namba nzuri tu, na mgonjwa akalala nyumbani akidhani ni malaria. Kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka na kwa nguvu, pumzi yenye harufu ya matunda: hospitali, saa hiyohiyo, na wataje jina la dawa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza ana hatari hiyohiyo. Mjamzito na anayenyonyesha waache keto. Mwenye moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri akumbuke yale maji na chumvi vinavyorudi, asisubiri miguu ivimbe ndipo aseme.

Na kuna watoto wenye kifafa. Keto ilianzia kwao, mwaka 1921 huko Mayo Clinic nchini Marekani, Dk. Russell Wilder alipoipendekeza kama tiba, miaka mingi kabla ya mtu kuifikiria kwa kupunguza kitambi. Kwa mtoto huyo andazi moja la bibi linaweza kurudisha degedege. Tiba hiyo husimamiwa na timu ya hospitali, haipikwi kwa kufuata video, na bibi naye aitwe asikilize maelezo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, baada ya kuvunja hakuna cha kufanya zaidi ya kula mlo unaofuata kama kawaida yako. Tembea baada ya kula, misuli inayofanya kazi huchukua sukari bila kudai insulini nyingi. Kunywa maji. Usifunge siku tatu kujiadhibu, usinywe dawa za kuharisha. Usijipime uzito mpaka siku ya nne.

Yule mama alirudi Ijumaa. Kilo 84.1. Akataka kuondoka na ushindi wake, nikamuuliza mwezi ule ana sherehe ngapi. Akafungua mkoba akatoa kadi za mchango, akazipanga mezani kama anayecheza karata: harusi mbili, mwali mmoja Tandahimba, na ubarikio wa mtoto wa jirani.

Nikamwambia keto aiache hadi Februari. Badala yake ale ugali wa muhogo au wali mara moja kwa siku, kiasi cha ngumi, nusu ya sahani iwe kisamvu au mboga nyingine, changu wa kuchoma, soda zibaki kwenye kreti. Atapungua polepole na kwenye sherehe hatakuwa anavunja chochote.

Alifikiri kidogo.

"Ngumi ya nani, mwanangu? Yangu au ya baba watoto?"

"Yako, mama."

Akaitazama, akaikunja, akaikunjua, akasema hiyo ndogo.